Si Kila Mfupa Dhaifu Una Njaa ya Kalsiamu

Kwa muda sasa, kuanzia mitaa ya Malindi hadi vichochoro vya mji wa Amu, yaani Lamu, katika pwani ya Kenya, imeshamiri biashara ya dawa za mifupa zinazouzwa mkononi. Muuzaji hubeba kijimashine cha kushikwa kiganjani, mzee hukishika kwa dakika moja, kijimashine hulia, na jibu huwa lile lile kwa kila mtu: kalsiamu imekwisha mifupani. Hapo hutolewa vichupa viwili vinavyouzwa kwa pamoja, kimoja cha kalsiamu na cha pili cha kile kinachoitwa kiongeza kinga. Wanaoipinga biashara hii huzungumzia bei, na bei kweli inaumiza. Lakini kwa maoni yangu kosa lake kubwa limo katika ile jozi ya vichupa, kwa kuwa imejengwa juu ya dhana mbili ambazo watu wengi, hata waliosoma, huzikubali bila kuzihoji. Ya kwanza ni kwamba mfupa unaodhoofika ni mfupa uliokosa chokaa, yaani kalsiamu. Ya pili ni kwamba kinga ya mwili ni mlinzi asiyeweza kumdhuru anayemlinda, na kwa hiyo kadiri inavyozidi ndivyo heri inavyozidi. Hoja yangu ni kwamba sehemu isiyo ndogo ya mifupa inayoharibika miongoni mwa wazee wetu, na hata baadhi ya vijana, huharibika kwa amri zinazotoka ndani ya kinga yenyewe. Asiyelijua hilo ataendelea kumimina kalsiamu mahali ambapo tatizo ni mchochota, yaani ule uvimbe wenye joto na maumivu ambao kinga huuwasha.

Mkazi wa Amu hahitaji kutafuta mbali mfano wa jinsi mfupa unavyoishi. Nyumba kongwe za mji huu, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Chumvi na unyevu wa bahari haviziachi zikae bure. Nyumba iliyodumu vizazi vingi ni ile ambayo lipu yake mbovu imekuwa ikibanduliwa na kutiwa mpya, kipande baada ya kipande, na iliyoachwa bila kuguswa ndiyo inayoanguka. Mfupa nao huenda hivyo hivyo. Kiasi cha asilimia 10 ya mifupa ya mtu mzima hufanywa upya kila mwaka, na kazi hiyo ina mafundi wa aina mbili: osteoklasti, ambazo hung'ang'ania uso wa mfupa na kumwaga tindikali na vimeng'enya ili kuubomoa, na osteoblasti, ambazo hufuata nyuma na kujenga. Ubomoaji wa sehemu moja huchukua takriban wiki 3, ilhali kuijaza sehemu hiyo huchukua miezi 3 hadi 4. Tofauti hiyo ya muda ina uzito mkubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu chochote kinachoongeza idadi ya wabomoaji kwa wakati mmoja kitawaacha waashi nyuma, hata kama chokaa imerundikwa mlangoni hadi juu ya madirisha.

Swali linalopaswa kuulizwa, basi, ni nani anayewaita wabomoaji. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa homoni, hasa ile inayotolewa na tezi ndogo zilizo shingoni ambazo husimamia kiasi cha kalsiamu katika damu. Jibu hilo ni sahihi lakini halijakamilika. Osteoklasti hazina nasaba moja na osteoblasti. Huzaliwa katika uboho, kutoka katika ukoo ule ule unaozaa chembe nyeupe za damu ambazo humeza vijidudu. Kwa maneno mengine, mbomoaji wa mfupa ni binamu wa askari, na lugha ya askari anaifahamu tangu utotoni. Lugha hiyo ni saitokini, molekuli ndogo ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari: vamia, ongezeka, tulia, ondoka.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi haukutoka kwa mabingwa wa mifupa, bali kwa watu walioshughulikia meno. Mwaka 1972, nchini Marekani, watafiti waliokuwa wakichunguza ugonjwa wa fizi walichukua chembe nyeupe za damu ya binadamu, wakazichokoza kwa vitu vilivyotokana na utando wa meno, kisha wakachukua maji yaliyobaki baada ya chembe hizo kuondolewa na kuyaweka juu ya vipande vya mfupa. Mfupa ukaanza kuyeyuka. Hapakuwa na kijidudu kilichoula, wala chembe yenyewe. Kilichokuwemo ni ujumbe tu ulioachwa ndani ya maji. Mwaka 1985 ilibainika kwamba sehemu kubwa ya ujumbe huo ilikuwa saitokini iitwayo interleukini-1, na mwaka uliofuata ikathibitishwa kwamba saitokini nyingine, TNF, nayo huchochea ubomoaji. Kisha, kati ya 1997 na 1998, ikapatikana RANKL, molekuli ambayo bila yake osteoklasti haikomai. Jambo la kustaajabisha ni kwamba iligunduliwa mara mbili chini ya majina tofauti, na wataalamu wa kinga waliokuwa wakichunguza seli za T, ambazo ni aina ya chembe nyeupe za damu, na pia na wataalamu wa mifupa, kila kundi likidhani limeshika kitu cha nyumbani kwake. Panya waliozalishwa mwaka 1999 bila molekuli hiyo walitoka na mifupa iliyojaa kupita kiasi kwa kukosa wa kuibomoa, meno yasiyochomoza, na, la kutazamwa zaidi, hawakuwa na tezi za limfu, ambamo seli za kinga hukusanyika. Molekuli moja ilikuwa imeshika ajira mbili. Ndiyo maana mwaka 2000 wanasayansi walianza kuutaja uwanja mzima unaounganisha elimu ya mifupa na elimu ya kinga kwa jina moja, osteoimunolojia.

Utendaji wake unaeleweka vizuri. RANKL ni kama hati ya ruhusa ya kubomoa: ikimfikia mbomoaji mchanga na kushikamana na kipokezi chake, humkomaza na kumwingiza kazini. Mwili hutengeneza pia molekuli ya kuinyakua hati hiyo njiani kabla haijafika, nayo huitwa osteoprotejerini, na afya ya mfupa hutegemea mizani kati ya hizo mbili. Mchochota unapowaka, TNF, interleukini-1, interleukini-6 na interleukini-17 huzifanya seli za jirani zitoe RANKL kwa wingi, na mizani huinama. TNF huongeza dhara la pili: humlegeza mwashi, kwa kuamsha vizuizi vinavyozinyima osteoblasti nguvu ya kujenga. Lakini si kila saitokini hubomoa. Mwaka 2000 Hiroshi Takayanagi na wenzake nchini Japani walionyesha kwamba interferoni gama, inayotolewa na seli za T zile zile, huukata ujumbe wa RANKL ndani ya mbomoaji na kumsimamisha. Interleukini-4 na interleukini-10 nazo huelekea upande huo wa kutuliza. Mwaka 2006 utafiti ulionyesha kwamba kundi la seli za T linalotoa interleukini-17 ndilo hasa linalosukuma ubomoaji. Mtu akishayajua haya, maneno "kuongeza kinga" hupoteza maana yake. Kuongeza ipi? Ile inayoamuru nyundo zipigwe, au ile inayoamuru zisimame? Kichupa hakisemi, na aliyekiuza hajui kwamba kuna swali.

Mfano ulio wazi zaidi ni baridi yabisi ya kweli, ule ugonjwa ambao kinga huvamia utando wa ndani wa viungo. Katika lugha yetu ya kila siku jina hilo tumelibandika juu ya kila maumivu ya goti na mgongo, na upana huo wa neno umetugharimu, kwa maana mzee aliyechakaa goti kwa kazi ya miaka 50 na mwanamke wa miaka 35 ambaye vidole vyake huamka vimevimba na kukakamaa hupewa jibu moja na mafuta yale yale ya kuchua. Kwa huyo wa pili, utando wa kiungo umejaa seli zinazotoa TNF, interleukini-6 na RANKL, na mfupa ulio kando ya kiungo hutafunwa kidogo kidogo mpaka hubaki na mapengo yanayoonekana katika picha ya eksirei. Kwa wagonjwa wengi mapengo hayo huanza kujitokeza katika miaka 2 ya mwanzo, na yakishachimbika hayazibiki kwa urahisi. Hiyo ndiyo miaka ambayo kwetu huishia kwenye kalsiamu, mafuta na shauri la kuacha maji baridi.

Mfano wa pili umo mdomoni mwa watu wengi zaidi, nao ndio unaonivutia kuliko yote. Meno yanapolegea kwa mtu wa makamo huwa tunasema ni utu uzima. Kinachotokea aghalabu ni kwamba vijidudu vilivyojificha chini ya ufizi vimeichokoza kinga kwa miaka, na kinga, katika kupigana navyo, imetoa saitokini ambazo zimeubomoa mfupa wa taya unaoyashika meno. Vijidudu ndivyo vilivyoanzisha ugomvi, ila nyundo zimeshikwa na wenyeji. Watafunaji wa tambuu hutoa ushahidi usiopingika: chokaa wanaiweka mdomoni kwa mikono yao wenyewe, imepakwa juu ya jani pamoja na popoo, kila siku kwa miongo kadhaa, na bado utafunaji huo huandamana na maradhi ya fizi na upotevu wa mfupa wa taya. Kama ukaribu wa chokaa ungetosha kuulinda mfupa, bibi zetu wa Amu wangezikwa na meno 32.

Kifua kikuu kikishuka katika uti wa mgongo hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, kikiziporomosha pingili mpaka mtu hupata kibiongo, na daktari mpasuaji Mwingereza, Percivall Pott, aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, karne moja kabla bakteria wake hajajulikana. Na ukomo wa hedhi, ambao sote tunajua huwadhoofisha wanawake mifupa, nao una mkono wa kinga ndani yake: estrojeni ikipungua, breki iliyokuwa ikizuia TNF na interleukini-1 hulegea. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi kuhusu mchango wa seli za T katika jambo hili imetoka kwa panya, na wataalamu bado wanavutana kuhusu uzito wake kwa binadamu.

Watetezi wa kalsiamu wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo mifupani na katika meno, na damu ikipungukiwa, mwili hauoni haya kuuchukulia mfupa ili moyo na misuli viendelee kufanya kazi. Mtoto asiyepata kalsiamu na vitamini D ya kutosha hupata matege. Mzee anayeishi kwa chai ya rangi na mkate anahitaji kweli maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, au vidonge ikibidi. Hayo yote nayakubali. Hoja iliyo dhaifu, na ndiyo inayouzwa, ni ile isemayo kwamba ikiwa kidogo kinafaa basi kingi kitafaa zaidi, na kwamba kila mfupa unaouma unadai nyongeza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi kwa takriban miaka 7, nusu yao wakipewa kila siku miligramu 1,000 za kalsiamu pamoja na vitamini D. Uzito wa mfupa wa nyonga uliongezeka kwa kiasi kidogo, lakini mivunjiko ya nyonga haikupungua kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Mtu anaweza kusema kwamba wanawake wale walikuwa wakila vizuri tayari, na kwamba hali ya kijiji cha Pate au Faza ni nyingine. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi kalsiamu haina kazi. Nasema kazi yake ni kuziba upungufu, na upungufu haujulikani kwa kushika kijimashine. Uzito wa mfupa hupimwa kwa mionzi, kwenye nyonga na uti wa mgongo, na mchochota hupimwa kwa damu.

Ipo hoja nyingine, nzito zaidi, ambayo nimeisikia kwa wauguzi na madaktari wenyewe: kwamba elimu hii ya saitokini ni ya matajiri. Dawa za kuizuia TNF zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 1998 na zimebadilisha maisha ya wagonjwa wa baridi yabisi. Dawa inayoikamata RANKL yenyewe, denosumabu, iliidhinishwa mwaka 2010. Zote ni sindano za gharama, zinahitaji jokofu na ufuatiliaji, na kwa mtu ambaye safari yake ya kumwona bingwa huanza kwa mashua hadi Mokowe na kuendelea kwa basi hadi Mombasa au Nairobi, ni kama hazipo. Tena si dawa za kuchezewa: anayezuiwa TNF anaweza kuamshiwa kifua kikuu kilicholala mwilini, na anayeacha denosumabu ghafla bila dawa ya kuifuata anaweza kuvunjika pingili za mgongo, kwa kuwa wabomoaji waliozuiwa hurudi kwa kishindo. Pamoja na yote hayo, hitimisho kwamba elimu hii haituhusu ni la haraka. Methotreksati, kidonge cha zamani kinachotumiwa mara moja kwa wiki chini ya uangalizi wa daktari, kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na bei yake haikaribii ya sindano hizo. Kikianzwa mapema hupunguza kasi ya mfupa kutafunwa. Kipimo cha damu cha kuonyesha mchochota ni cha kawaida katika maabara nyingi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma nchini. Kusafisha fizi kitaalamu na kuacha sigara havihitaji jokofu. Mtu hahitaji kununua dawa mpya kabisa ili anufaike na fikra mpya. Anachohitaji kwanza ni kuulizwa swali tofauti anapofika akilalamika kwamba mifupa yake inauma.

Hofu yangu iko upande mwingine. Mtu akishasikia kwamba kinga ndiyo inayobomoa, ni rahisi aruke hadi kwenye uamuzi kwamba kinga na izimwe, na katika maduka yetu ya dawa kizimio chake kinapatikana bila maswali mengi: prednisoloni na deksamethasoni. Tangu daktari Mmarekani Philip Hench alipomdunga kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi mwaka 1948, kazi iliyompa yeye na wenzake Tuzo ya Nobel mwaka 1950, hakuna dawa inayotuliza mchochota kwa kasi kama za jamii hii. Mgonjwa aliyekuwa akibebwa huamka na kutembea, na kwa sababu hiyo hurudi dukani mwenyewe mwezi unaofuata, na unaofuata tena. Wakati huo dawa ile ile inaziua osteoblasti na kurefusha maisha ya osteoklasti, na hatari ya kuvunjika huanza kupanda ndani ya miezi 3 hadi 6 ya mwanzo. Kwa hiyo mtu anaweza kuzimiwa saitokini zote na bado akapoteza mfupa, kwa njia nyingine. Daktari ana sababu nzuri za kuitumia kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, na aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache siku moja bila kumwona daktari, kwa maana mwili huwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Sokoni hata hivyo huuzwa kama dawa ya kunenepa.

Kuna jambo jingine linaloonyesha kwa nini kuzima ovyo hakufai. Mgema akianguka kutoka mnazini na kuvunjika mguu, saitokini zile zile tulizozituhumu ndizo zinazopiga mbiu siku za mwanzo na kuwaita wa kusafisha vifusi kabla ya waashi. Panya walionyimwa vipokezi vya TNF hukawia kuunga mfupa uliovunjika. Katika ugonjwa mmoja wa uti wa mgongo mchochota hufanya kinyume kabisa cha tuliyoyaeleza, ukiota mfupa mpya mahali pasipotakiwa mpaka pingili zikashikana. Amri ya saitokini, kwa hiyo, hutegemea mahali, muda na wenzi iliofuatana nao. TNF ya siku chache kando ya mvunjiko ni ukarabati, na TNF ya miaka kumi ndani ya kiungo ni ubomoaji. Ndiyo maana muda ambao ugonjwa umeachwa ukiwaka una uzito zaidi katika uamuzi wa matibabu kuliko ukali wa maumivu ya siku moja, na ndiyo maana vituo vya afya vya visiwani vingefanya jambo kubwa kama vingeweka kanuni nyepesi: anayekakamaa viungo asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na uvimbe ukadumu wiki 6, asirudishwe nyumbani na kalsiamu, bali apimwe damu na apewe rufaa.

Katika ukoo wetu, mtaa wa Langoni, yuko bi mkubwa aliyetumia poda ya kalsiamu miaka minne kwa vidole vilivyovimba, kwa ushauri wa watu waliomtakia mema, na katika muda huo hakuna aliyemtoa damu. Alipopimwa hatimaye, mchochota ulionekana siku hiyo hiyo, na methotreksati ikaanza. Uvimbe umepungua na sasa anafunga buibui lake mwenyewe. Maziwa hajayaacha, wala hakuna aliyemwambia ayaache. Vidole viwili vya mkono wa kulia, vilivyokwisha kupinda kabla ya kipimo, vimebaki vimepinda.